Saa Moja ya Kulala Chali

Mama aliniuliza swali moja tu la maana kuhusu yoga, nami nikamjibu uongo.

Tulikuwa tumekaa barazani nyumbani kwetu Kiegeani, kisiwani Mafia, baada ya Alasiri. Nilikuwa nimefika siku moja kabla: basi kutoka Mbagala mpaka Nyamisati, boti mpaka Kilindoni, kisha pikipiki kwa barabara ya kwenda Utende. Kila mwaka safari hiyo huniua mgongo. Mwaka huu nilishuka kwenye pikipiki nikasimama wima, na mama, ambaye macho yake hayapitwi na kitu, akasema, "Leo hujashika kiuno." Ndipo nikamweleza kwamba mjini kuna mahali nimekuwa nikienda, watu wanafundishwa kujinyoosha na kupumua, na mwisho wa kipindi wanalala chali kimya dakika kumi, taa zimezimwa. Mama alikuwa anashona mkeka. Sindano haikusimama. Akauliza, "Na hapo mnapolala, mnalipa?"

"Hapana, mama," nikasema. "Bure."

Kipindi kimoja ni shilingi 30,000. Mkeka mmoja wa mama ni shilingi 30,000 pia, mnunuzi akiwa mwema. Kuutengeneza ni kukata ukindu, kuuanika, kuuchana chane nyembamba, kutia rangi zile za kupambia, kusuka ukili mrefu usio na mwisho, halafu kuushona ukili huo pande kwa pande. Ukichanganya na kazi za shamba na za jikoni, ni mwezi. Nilipiga hesabu hiyo kichwani kabla hajamaliza swali lake, na jibu likatoka lenyewe.

Nataka kueleza hapa mahali penyewe palivyo, nini nilikikuta, na kwa nini nilidanganya. Mambo hayo matatu nimeshindwa kuyatenganisha.

*

Kazi yangu ni kuhariri miswada. Kwa miaka kumi na moja nimekaa kwenye kiti nikisoma sentensi za watu wengine, shingo mbele kama kobe. Maumivu yalianza kama uchovu, yakawa jirani, yakawa mwenye nyumba. Mwaka jana nilifika mahali ambapo kuinama kuokota kalamu ilikuwa safari ya kupangwa. Daktari alinipiga picha, akaona hakuna kilichovunjika wala kuteguka, akaniambia maneno ambayo sikuyatarajia kwa mtu mwenye koti jeupe: punguza vidonge, tafuta mazoezi, hata yoga. Nilidhani anatania. Baadaye nikasoma kwamba tangu 2017 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kinashauri maumivu sugu ya mgongo wa chini yaanze kutibiwa bila dawa, na yoga imo katika orodha yao pamoja na mazoezi mengine. Kwa hiyo hakuwa anatania.

Mwenzangu kazini akaniambia kuna studio Msasani, mteja mpya anapewa wiki nzima ya kujaribu kwa shilingi 60,000, aingie vipindi vyovyote anavyotaka. Mtu wa mahesabu angeona ni nafuu. Mimi ninaishi Mbagala. Niliona kwanza daladala mbili kwenda na mbili kurudi.

Huyo huyo mwenzangu alinipa na kitabu: *Yoga* cha Emmanuel Carrère, Mfaransa, kilichotoka 2020. Carrère anasema alikusudia kuandika kijitabu chepesi, cha tabasamu, kuhusu mazoezi aliyoyafanya miaka mingi. Akaenda kwenye kambi ya kukaa kimya siku kumi mwezi Januari 2015, na kabla siku hazijaisha akaja kuitwa, kwa sababu mpenzi wa rafiki yake ameuawa katika shambulio la Charlie Hebdo. Baada ya hapo kitabu kinapoteza njia yake, mwandishi anaugua, analazwa hospitali ya magonjwa ya akili, anatokea kisiwa cha Leros kwa wakimbizi. Wapo wasomaji waliokiita kitabu cha mtu anayejipenda mno. Mimi kilinisaidia kwa jambo moja: kilinionyesha mtu aliyeijua yoga kwa miaka thelathini na bado haikumwokoa. Nikaenda Msasani bila kutarajia kuokolewa. Nilitaka kuweza kuinama nikaokota kalamu.

*

Studio ipo ghorofa ya pili. Mlangoni unavua viatu, na hilo lilinituliza. Mahali unapovua viatu ni mahali ninapopajua. Ndani kuna ukumbi wa mbao ulioangalia miti, feni za polepole, ukuta mmoja wa kioo ambao kwa bahati wanaufunika kwa pazia. Kuna vyumba viwili vya kubadilishia nguo, wanawake mbali na wanaume, bafu zenye maji ya moto, makabati madogo yenye funguo, mtungi wa maji ya kunywa yenye vipande vya tango ndani. Sijawahi kuelewa tango linafanya nini mle. Nilikunywa bilauri tatu.

Ukutani kuna rafu ya vifaa: mikeka ya mpira iliyokunjwa kama chapati za kusukuma, matofali mepesi ya sponji, mikanda ya kitambaa, mablanketi, mito mirefu minene kama gunia la mchele. Nilijua mara moja kwamba watu wa kweli wanaleta mikeka yao na wa kujaribu wanaazima. Nikaazima.

Vile vifaa nilivicheka kimoyomoyo mpaka nilipokwenda kusoma vilikotoka. B.K.S. Iyengar, Mhindi aliyezaliwa Karnataka mwaka 1918, ndiye aliyevieneza kuliko mtu yeyote. Alikuwa mtoto dhaifu, mwenye kuandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alipokuwa kijana akapelekwa Mysore kwa shemeji yake, Krishnamacharya, aliyekuwa akifundisha yoga huko, na mwili ule mgonjwa ukafunzwa. Kitabu chake *Light on Yoga* kilitoka 1966 na picha mia kadhaa za mikao, mingine ya kutisha. Lakini ni yeye pia aliyesema, kwa vitendo, kwamba mtu asiyefika chini aletewe chini: tofali chini ya kiganja, mkanda kwenye unyayo, kiti kwa mzee. Tofali lile la sponji si pambo la matajiri. Lilibuniwa kwa ajili ya watu kama mimi.

Siku ya kwanza niliingia kipindi cha hatha. Tulikuwa kumi na wawili: wageni wa mashirika, mama wawili wa Kihindi waliokuja pamoja na kuondoka pamoja, kijana mmoja mwenye kifua cha jimu aliyeshindwa kugusa magoti yake, na mimi, na mtandio wangu, na suruali pana chini ya dera fupi. Mwalimu ni Mtanzania, dada wa makamo, anafundisha kwa Kiingereza kwa sababu ya darasa. Alikuja kwangu kabla ya kuanza, akapiga magoti mbele yangu, akauliza kwa Kiswahili, "Dada, unaumwa wapi?" Mahali pengi nimeulizwa ninataka nini. Naumwa wapi, ni hospitali tu. Karibu nilie, na kipindi hakijaanza.

Kipindi chenyewe kilikuwa polepole. Unakaa, unapumua, unapiga magoti na viganja chini kama mtoto anayetambaa, unaupinda mgongo juu kama paka aliyekasirika, unaulegeza chini kama ng'ombe. Mikao mingi imepewa majina ya wanyama na vitu: mbwa, nyoka, mti, mlima, daraja. Mhariri ndani yangu hakutulia. Kila mwalimu aliposema jambo, nilikuwa najaribu kulitia Kiswahili. Kuna neno lao moja wanalipenda sana, kwamba uifungue nyonga. Nilifikiria kulisema hilo Kiegeani mbele ya watu wazima nikaona nitakavyofukuzwa barazani.

Siku ya pili nilikosea nikaingia kipindi cha vinyasa. Huko mkao mmoja unaumbika katika mwingine bila kupumzika, na wenye kujua wanatembea kama maji. Mimi nilikuwa wakati wote mkao mmoja nyuma, kama mtu anayeitikia dua asiyoijua. Jasho lilinitoka mpaka mtandio ukaloa. Kijana wa jimu naye alikuwapo, tukaangaliana kwa huruma chini ya makwapa yetu. Kama una mgongo mbovu, usianze na vinyasa. Huo ndio ushauri pekee ninaoutoa kwa uhakika.

Siku ya nne ilikuwa yin: mikao michache, chini, kila mmoja dakika tatu mpaka tano. Inaonekana rahisi. Dakika ya kwanza unajisikia vizuri, ya pili unasikia paja likizungumza, ya tatu unaanza kukumbuka madeni. Na siku ya sita ilikuwa ya kupumzisha tu, ile mito minene ikiwekwa chini ya magoti, chini ya mgongo, blanketi juu, na hakuna unachofanya. Kwa siku hiyo moja ningewalipa 60,000 zote.

*

Lazima niseme kuhusu dini, kwa sababu nilipotangaza nyumbani, kaka yangu alinipigia siku hiyo hiyo.

Wasiwasi wake si wa kijinga wala si wake peke yake. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia lilitangaza kwamba yoga hairuhusiwi kwa Waislamu kwa kuwa imechanganyika na ibada ya Kihindu. Siku chache baadaye waziri mkuu wao akafafanua kwamba kujinyoosha bila kuimba mantra hakuna shida. Mwaka uliofuata maulamaa wa Indonesia wakakataza ile yenye mantra na ibada. Kisha Novemba 2017 Saudi Arabia, nchi ya Makka yenyewe, ikaruhusu yoga ifundishwe kama mchezo. Nilimsomea kaka yote matatu kwa simu. Akanyamaza, akasema, "Sasa wewe uko Malaysia au Saudia?"

Nilimwendea mwalimu nikamwambia wazi: sitaimba ile "Om", na mfuatano ule wanaouita salamu kwa jua nitaufanya viungo bila salamu. Akasema sawa, nusu ya darasa haiimbi. Akaniambia pia kwamba yeye ni Mkatoliki na mchungaji wa dada yake anamwombea. Tukacheka. Aliongeza kitu nilichokuja kukisoma baadaye nikaona ni kweli: kwamba watu wa zamani walioitwa watu wa yoga hawakujali sana mikao. Swami Vivekananda, aliyehutubia mkutano wa dini Chicago mwaka 1893 na kuifanya Marekani isikilize, alikuwa mtu wa kutafakari, na mazoezi ya viungo aliyaweka pembeni. Hii yoga ya mikao mingi tunayoijua imekua zaidi katika karne iliyopita, Mysore na kwingineko. Dar es Salaam kipo kituo cha utamaduni wa India chenye jina la Vivekananda, na yoga inafundishwa huko. Haikuja na studio za Msasani.

Ila kulikuwa na mkao mmoja uliokuwa wangu kabla sijafika. Unapiga magoti, unakalia visigino, unainama mpaka paji la uso linagusa chini. Wanauita mkao wa mtoto. Mara ya kwanza paji langu lilipogusa mkeka ule wa mpira, ulimi ulianza wenyewe: *Subhana*. Nikajizuia. Nikabaki pale nikijiuliza, kama hiki si kusujudu, ni nini? Mwili umeinama uleule. Mimi huinama hivyo mara nyingi kila siku na sijawahi kujua mgongo wangu unafanya nini wakati huo, kwa sababu haukuwa unaulizwa. Pale Msasani nilikuwa naulizwa mgongo tu.

Hapo nikaelewa kwa nini nilikuwa najisikia mwizi wiki nzima. Mwanzo nilidhani ni pesa. Nilidhani ni lile wazo la haraka linalomjia kila mtu wa pwani akiingia mahali kama pale: jamani, watu wanalipa kukaa chini! Sisi tumekaa chini maisha yetu yote. Bibi yangu alikaa miguu imenyooka, mgongo wima, akisuka tangu asubuhi, na hakuna aliyemwita mwalimu. Nilikuwa tayari na insha yote kichwani: mji unatuuzia kilicho chetu. Insha nzuri, yenye hasira ya kiasi, ingependwa.

Tatizo ni kwamba si kweli. Bibi alikaa wima kwa sababu mkeka ulitakiwa Ijumaa. Mama anainama palizi kwa sababu ya muhogo, anakaa juu ya mbuzi kwa sababu ya nazi, anasimama mbele ya kifuo anafua nazi za mbata kwa sababu ya ada ya shule, ambayo ilikuwa ada yangu. Kila mkao wa mwili wake una mtu au kitu upande wa pili kinachosubiri. Hata sijida ina Mwenyewe. Miaka sabini, sijui kama mwili ule umewahi kunyooshwa hata mara moja kwa ajili ya kunyooshwa tu. Kilichouzwa Msasani hakikuwa kukaa chini. Ilikuwa saa moja ambayo hakuna anayekusubiri. Hicho hatukuwa nacho Kiegeani, na hakuna aliyetuibia. Hatukuwahi kuwa nacho.

*

Mwisho wa kila kipindi wanalala chali. Miguu imeachana kidogo, mikono pembeni, viganja juu, macho yamefumbwa. Kwa Kisanskriti unaitwa shavasana, na *shava* ni maiti. Mwalimu hakutafsiri jina; nililikuta kwa Iyengar, ambaye anasema mkao huo unaoonekana mwepesi ni mmoja wa migumu kuliko yote.

Kwangu uligoma siku tatu za kwanza. Nililala, taa zikazimwa, mwalimu akapita polepole akiweka blanketi, na nikamwona baba. Baba alilazwa hivyo hivyo chumba cha mbele, juu ya mkeka mama aliousuka kwa mikono yake, miaka minne iliyopita, mwezi wa Rajabu. Viganja vyake sikuviona, vilikuwa ndani ya sanda. Niliketi ghafla. Siku ya pili nilitoka nikaenda kusimama bafuni. Siku ya tatu nilibaki nimelala, macho wazi, nikihesabu mbao za dari.

Sikumwambia mwalimu sababu. Siku ya nne alikuja tu, akainama, akaninong'oneza, "Lala ubavu ukitaka. Ubavu wa kulia." Hakujua kwamba ndivyo nilivyofundishwa kulala tangu utotoni, ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu. Akaniwekea mto mrefu mbele nikaukumbatia. Nikalala. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nilipoamka mate yalikuwa yamelowesha mto wa studio, na kijana wa jimu alikuwa anakunja mkeka wake taratibu ili asinishtue.

Wiki ya kujaribu iliisha. Kifurushi cha mwezi sikununua. Nauli peke yake ingenimaliza. Nilibaki na vipindi vya Jumamosi, kimoja kimoja, mshahara ukiruhusu, na kwangu chumbani nafanya robo saa kila asubuhi baada ya Alfajiri, kabla sijakunja msala. Miezi mitano sasa. Mgongo haujapona. Umerudi kuwa jirani. Kalamu naiokota.

*

Narudi barazani Kiegeani, nilipomwacha mama na sindano yake na uongo wangu.

Mama aliridhika na jibu. Kitu cha bure hakina aibu. Tatizo la uongo unaomridhisha mama ni kwamba mama ana mashoga. Siku ya tatu asubuhi nikasikia hodi. Ni mama mkubwa wa nyumba ya pili, ambaye kiuno chake kimeinama mpaka anatembea akiangalia vidole vyake mwenyewe.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia Dar kuna pahala wanatibu mgongo bure, mtu analala tu. Mwezi ujao mwanangu ananipeleka hospitali huko. Niandikie hapo pahala."

Mama alikuwa nyuma yake, anapepeta mchele, anafuraha ya mtu aliyeleta habari njema kijijini. Ningeweza kusema kweli palepale. Nilimtazama mama mkubwa, nikatazama ungo, nikatazama mkeka ulioanikwa kwenye kamba, mpya, kijani na zambarau, shilingi 30,000. Nikasema, "Mama mkubwa, kule kuna ngazi nyingi. Njoo leo Alasiri, nikuonyeshe hapahapa." Huo ni uongo wa pili. Ngazi zipo kweli.

Alasiri wakaja watatu. Nilitandika mkeka wa kulia chakula, nikaleta mito ya kitandani na kanga mbili badala ya mikanda. Ndipo nikagundua sina lugha. Miezi mitano nilikuwa nimejifunza yote kwa Kiingereza, na kile nilichokitafsiri kichwani kilikuwa Kiswahili cha karatasi. Nikamwambia mama mkubwa, "Urefushe uti wa mgongo." Akaniangalia kama nimemtukana. Mama akaingilia kati: "Anasema ujinyooshe kama unayeamka." Wote wakajinyoosha, vizuri, mikono juu, na mmoja akapiga mwayo wa kweli.

Kuanzia hapo mama akawa mkalimani. Paka na ng'ombe tuliufanya tukiwa tumekalia visturi, maana magoti ya mtu mzima hayataki sakafu. Pumzi ndefu mama aliita pumzi ya kushusha mzigo, ile unayotoa ukitua ndoo. Kufunga kanga unyayoni na kuvuta mguu ukiwa umelala kulileta kicheko mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia, tukawafukuza.

Mwisho nikawaambia walale. Nilikuwa nimeamua kutotaja jina la mkao. Mashoga wawili wakalala. Mama akabaki amekaa.

"Mimi sitalala chali hapo," akasema.

"Sawa, mama."

"Nitalazwa hivyo siku yangu. Haraka ya nini."

Nikamwambia alale ubavu. Ubavu wa kulia, nikamwekea mto mbele. Akaniangalia, akaangalia mchele ambao haujamaliza kupepetwa, akaangalia njia. Mtu akipita mchana akikukuta umelala, atauliza nani anaumwa. Akalala. Nikamfunika miguu kwa kanga, nikakaa pembeni nikiangalia njia kwa niaba yake. Nilisikia pumzi yake ikibadilika. Dakika nne, labda tano. Sijawahi kumwona mama amelala jua likiwa juu, isipokuwa alipokuwa na homa.

Kisha muuza samaki akapita na baiskeli akipiga honi, na wote watatu wakainuka kwa mara moja, mama mkubwa akiwa wa kwanza.

Wakati anafunga kanga yake, aliniuliza, "Kesho tena? Na hapa pia bure?"

"Bure, mama mkubwa."

Tulifanya siku sita. Siku ya kuondoka, mama mkubwa alisema kiuno ni kilekile lakini usingizi umekuja. Sijui kama mama ameendelea. Nikipiga simu anasema anafanya, kwa sauti ileile niliyomjibia mimi.

Kweli yenyewe sijamwambia. Mama hasomi ninayoyaandika, macho yake na herufi hawapatani. Lakini binti wa kaka yangu anasoma kila kitu, na ana mdomo. Basi, binti, ukifika hapa: mwambie bibi yako taratibu, na umwambie akiwa amekaa.